Herufi ya Mlangoni

Kazi yangu ni kusoma nisichokichagua.
Kiwanda kiko Kizota, nyuma ya gereji,
na kila karatasi itokayo pale
hupita kwanza chini ya jicho langu:
ankara, kadi za harusi, mitihani ya darasa la nne,
matangazo ya ardhi.

Miaka kumi na moja imenifundisha hili:
jicho halitembei juu ya mstari. Linaruka.
Linatua, linanyonya kidogo, linaruka tena,
panzi kwenye mabua ya uwele,
na likiwa hewani halioni kitu.
Pale lilipotua, herufi nne tano zinang'aa.
Zilizo mbali kidogo ni vumbi la Septemba:
unajua mna ng'ombe humo, hujui ni wangapi.

"Deni" hulimeza kwa mtuo mmoja.
Lakini Kiswahili chetu hufunga mizigo.
"Tutakapowarudishia":
hapo hutua mara mbili, na ya pili limeshachoka,
na za katikati zimebanana bega kwa bega,
ya mwisho tu ndiyo inayopumua
maana jirani yake ni weupe.

Basi nimekata kadi ya boksi la sabuni,
nikatoboa dirisha la upana wa kidole.
Wenzangu hunicheka. Bosi, Chiloleti, hanicheki,
tangu siku tulipowaalika watu mia tatu
kwenye "ndoo takatifu".

Tangazo la Nala nililisoma kwa dirisha hilo.
Halikuwa na kosa. Naapa.
Mwenye tembe iliyojengwa baada ya upimaji
hatalipwa fidia.
Nikatia sahihi pembeni, nikaenda kula.

Jumapili nikafika kwa mjomba Ndahani.
Kachinja jogoo. Bati ishirini za mkopo
zimeegemea ukuta wa tembe, zinapofua macho.
"Tunalipwa," anasema. "Nimesoma mwenyewe, ubaoni kwa mtendaji."
Na kweli alisoma. Huyu ndiye aliyewafundisha
nusu ya kijiji herufi, enzi za kisomo.

Mwaka juzi kiharusi kilimpitia.
Mguu ulirudi. Ulimi ulirudi.
Upande wa kushoto wa macho haukurudi,
umechanwa kama nusu ya ukurasa,
naye hajui, kwa kuwa pengo halina rangi.
Hula ugali wa kulia, wa kushoto unapoa,
kisha humlaumu shangazi kwa kupima kidogo.

Nakala ya prufu ilikuwa mkobani. Nikaitandaza.
"Hebu soma, mjomba."
Akasoma kwa haraka yake ya zamani, ya mwalimu:
"... atalipwa fidia."
Nikatoa kadi, nikaweka dirisha juu ya herufi moja.
Akatazama kadi. Dirisha hakuliona.
"Sogea kushoto."
"Nimesogea."
"Bado."
Akageuza kichwa, polepole,
kama kuku anayeipimia punje jicho moja,
na h ikaingia.

Nje mtoto alikuwa anapita na fimbo juu ya bati,
moja moja, akihesabu kwa kelele.
Mjomba hakumkemea.

"Mbona hapana mnaiweka mlangoni?" akauliza.
"Jicho halikai mlangoni.
Likiingia linakwenda ndani, palipo na moto."
"Ni lugha, mjomba. Si kiwanda."
"Basi hiyo h iandikeni nene."
Akalikunja tangazo, akanirudishia
kwa mkono wa kulia, upande ambao sikuwapo.

Jumatatu nikaandika ombi la herufi nene
kwenye matangazo yote ya ardhi.
Likarudi jioni, na mwandiko wa Chiloleti chini yake,
maneno mawili na alama ya kuuliza.
Nilidhani nimeyasoma.
Kisha nikachukua kadi ya sabuni,
nikaanzia kushoto kabisa, kwenye weupe,
kabla ya herufi ya kwanza.